Usitupe Pole, Mwanangu

Brooklyn Park, Minnesota
2 Januari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima. Hita inafanya kazi, na baba yako yuko nje anakwangua barafu kwenye kioo cha gari ambalo leo haendi nalo popote. Ameshikilia kwamba gari likilala sana kwenye baridi betri inakufa, kwa hiyo kila asubuhi lazima aliwashe, alisikilize, azunguke akitazama matairi, halafu alizime arudi ndani kunywa chai. Mimi sijamuuliza kitu.

Nimeona nikuandikie kuhusu siku ile ya Krismasi ulipopiga simu. Uliuliza nyumbani kuna nani, nikakwambia ni mimi na baba yako tu. Ukanyamaza kidogo, kisha ukatupa pole kana kwamba tumefiwa. Ulikuwa unaingia zamu huko Houston, na mtandao ulikuwa unakatika, nikaona si vizuri kubishana na muuguzi aliye mlangoni pa wodi. Leo nina nafasi. Pole yako nakurudishia, mtunzie mwingine atakayeihitaji.

Wewe unazijua Desemba zetu, umekulia ndani yake. Mkesha wa Krismasi mmoja wetu yuko kazini na wazee wa watu, anageuza huyu, anambadilisha yule, maana siku ya sikukuu hulipwa mara moja na nusu. Asubuhi anarudi, mwingine anatoka. Tunapishana mlangoni, mmoja ana usingizi na mwingine ana haraka, na chakula kimefunikwa kwa sahani juu ya meko. Jioni, aliyelala kwa muda wa saa tatu tu anaamshwa twende kwa watu kula pilau. Huko kuna watu sitini kwenye nyumba ya watu sita, viatu na makoti ya baridi yamerundikana sebuleni mpaka mlango haufunguki, mziki uko juu, na kabla ya soda kuisha mtu anasimama kusema kuna mchango mdogo. Ukirudi nyumbani unajikuta umechoka kuliko ulivyotoka kazini.

Sisemi ilikuwa hasara. Zamu zile ndizo zilizolipa karo yako, ndizo zilizoezeka upya nyumba ya nyanya yako kule Wundanyi, na hao watu sitini ndio waliokuja na sufuria za chakula baba yako alipofanyiwa upasuaji. Siwezi kuwasema vibaya. Lakini karo imekwisha, paa limeezekwa, na mimi miguu yangu inanikumbusha umri kila ninapopanda ngazi. Mwaka huu msimamizi wa zamu alipopiga simu kutafuta watu wa tarehe 24 na 25, nikamwambia sitaweza. Akangoja niseme sababu. Sikuwa nayo. Nilikuwa nataka kukaa nyumbani, basi. Na nikwambie ukweli, kukataa pesa ya sikukuu ni kugumu kuliko kufunga chakula; kidole kilikuwa kinaniwasha kupiga simu tena niseme nimebadilisha mawazo.

Wa pilau nao tuliwaambia mapema. Nasikia sasa tunaringa. Kuna aliyeuliza kama tumegombana na mtu, na mwingine, huyu alinichekesha, alimpigia baba yako faraghani kumuuliza kama mimi niko salama. Huku kwetu mtu akitulia nyumbani lazima awe mgonjwa au awe na deni.

Sasa nikueleze tulifanya nini, maana najua unafikiri tulikaa kwenye giza tukitazamana.

Giza lilikuwepo, hilo sikatai. Wiki ile ya tarehe 21 jua huku linachomoza karibu saa mbili asubuhi, na ikipita kidogo saa kumi na nusu jioni limeshazama. Hata saa tisa za mwangaza hazitimii. Miaka yetu ya kwanza jambo hili lilinitia huzuni. Kwetu Taita jua ni la kuaminika, linatoka saa kumi na mbili na kuingia saa kumi na mbili, mwaka mzima halikupungukii. Huku nilikuwa naingia kazini gizani na kutoka gizani, na kwa siku nyingi sikuliona kabisa ila dirishani kwa wagonjwa. Ajabu ni kwamba ukiwa nyumbani, siku ile ile fupi inatosha. Tuliamka ikipambazuka. Tulikula mchana. Ilipoingia jioni tuliwasha taa, na hakuna aliyeuliza mbona mapema. Baba yako, unamjua na kalenda zake, amegundua kwamba jua huanza kuchelewa kuzama tangu katikati ya Desemba, kabla hata ya ile siku fupi kuliko zote, ilhali asubuhi zinaendelea kuchelewa mpaka siku hizi za mwanzo wa Januari. Kwa hiyo jioni zimeshaanza kurefuka na asubuhi bado. Anayaandika haya kwenye kidaftari. Nimemwambia angekuwa mwalimu.

Theluji ilianguka usiku wa tarehe 23, ile laini isiyo na upepo. Unakumbuka Krismasi ya 2023, mvua ikanyesha siku nzima kama tuko Mombasa, majani ya bustani yakabaki wazi? Watu wa huku walikasirika wakaona wameibiwa. Mwaka huu waliipata yao. Niliamka nikajua imeanguka kabla sijafungua pazia, kwa sababu barabara ile kubwa haikusikika. Theluji mpya ina hewa nyingi katikati ya chembe zake, sauti ikiingia humo haitoki. Ikishakanyagwa na kuwa ngumu kelele zinarudi, lakini siku mbili tatu za kwanza unaweza kusikia saa ya ukutani ukiwa jikoni. Niliketi pale na chai nikaisikiliza, na hakuna aliyekuwa ananingoja mahali.

Kuchota theluji kwenye njia ya gari bado ni kazi, usidhani imejichota. Baba yako haruhusiwi kunyanyua vizito, kwa hiyo yeye anasukuma ile laini na mimi natupa iliyobaki, na kijana wa jirani alikuja na mashine yake akatumalizia kando ya barabara bila kuombwa. Nilimpa mahamri. Kesho yake alirudi kuuliza kama kuna kazi nyingine.

Chakula sasa. Hatukuchinja wala kuchoma. Nilipika kimanga. Mihogo ya kugandishwa kutoka duka la Waafrika, maharagwe yaliyolala kwenye maji usiku kucha, nikaponda kwa mwiko mpaka mkono ukauma, nikatia kitunguu kilichokaangwa. Pembeni sukuma na chai ya tangawizi. Baba yako alikula akanyamaza, akaongeza, akanyamaza tena, halafu akasema kwamba miaka yote hii tumekuwa tukila Krismasi ya watu wengine. Ni maneno ya mtu aliyeshiba, nisingeyatilia maanani sana, lakini nimeyaandika.

Mchana wa siku ya pili ilishuka mpaka digrii 20 chini ya sifuri, na hapo hata kufungua mlango ni uamuzi. Hewa ya ndani inakauka, maana ile baridi haina unyevu, na hita ikishaipasha joto inavuta maji kutoka kwenye ngozi na midomo yako. Mimi huweka sufuria ya maji kwenye moto mdogo, nikatia kijiti cha mdalasini na iliki mbili. Chupa ya mafuta ya nazi iko mezani, ingawa asubuhi huwa jiwe na lazima uishike kwanza mikononi. Tulicheza karata. Baba yako bado anaiba. Tulilala mchana, sote wawili, kwenye viti, bila kupanga, tukaamka mdomo wazi na runinga ikituongelesha.

Kwenye mti ule wa nyuma nimetundika mbegu za alizeti. Yule ndege mwekundu, kadinali, hahami na baridi kama wenzake. Anakuja asubuhi sana na jioni ikikaribia kuingia, na jike lake la rangi ya udongo. Dume hutangulia kuchungulia, kisha humpisha. Nimekaa Minnesota miaka yote hii na sikuwahi kumtazama ndege mpaka amalize kula.

Tarehe 30 tulitoka mara moja, tukaendesha mpaka Medicine Lake kutazama watu wanaovua samaki juu ya barafu. Wamejenga vibanda vyao katikati ya ziwa, wamevuta hita ndani, wametoboa tundu, wanaketi humo na uzi wao. Wengine wameingia na magari makubwa kabisa. Jimbo linashauri mtu asitembee juu ya barafu isipofika inchi nne, yaani kama sentimita kumi, na gari linataka unene wa zaidi ya mara mbili ya huo. Mvuvi mmoja alituonyesha kwa mkono jinsi ilivyo nene pale aliposimama, akatukaribisha. Baba yako alimshukuru sana kwa Kiingereza chake cha kanisani na hakusogea. Alizaliwa karibu na Ziwa Jipe, anayajua maji ya ziwa. Kwake maji ni maji, yawe yamelala au yameamka.

Mwaka mpya nao tuliupokea mchana. Wundanyi wako mbele yetu kwa saa tisa, kwa hiyo ilipogonga saa tisa alasiri hapa, kule ilikuwa usiku wa manane. Shangazi yako alituweka kwenye simu tangu ibada ya mkesha ikielekea kwisha. Tulisikia mapambio, kengele, vigelegele, mtoto akilia, na mchungaji akijaribu kunyamazisha watu waombe. Nyanya yako akapewa simu akatubariki, akauliza kama tumevaa vizuri, akauliza habari za mume wako ambaye hayupo, nikamwambia bado anatafutwa. Tukaimba nao. Kisha tukakata simu, na nje jua lilikuwa bado halijazama. Kufika saa tatu usiku tulikuwa kitandani. Zile fataki za saa sita nilizisikia kwa mbali kama mtu anayegonga mlango wa jirani, nikageukia upande wa pili.

Haya ndiyo uliyotupa pole.

Nimesikia pia kwamba unataka kukata tiketi uje wikendi moja ya Januari "kufidia". Usifanye hivyo. Tiketi za siku hizi ni ghali, wewe umetoka kufanya zamu za usiku mfululizo, na ukija kwa siku mbili utakuja kulala uwanja wa ndege. Hizo siku zako za mapumziko kaa nazo hapo hapo Houston. Zima simu. Usimpikie mtu. Wenzako wakikuita kila mahali chagua mahali pamoja tu, au usichague hata pamoja, na usitoe sababu. Nimejaribu, hakuna polisi anayekuja. Njoo Februari au Machi utakapopata likizo yenye wiki nzima, na usije na ratiba. Baridi itakuwepo, usihofu itakwisha.

Mambo madogo kabla sijasahau. Lile koti lako refu bado liko kabatini, zipu nimeipeleka ikatengenezwa. Barua ya bima imekuja kwa jina lako, nimeipiga picha, nitakutumia. Fundi wa paa kule nyumbani anadai salio. Usimtumie kitu, baba yako anaongea naye, na Januari kila mtu ana njaa yake. Ukitaka kupika kimanga usitie maziwa ya nazi kama ulivyofanya mwaka juzi, hicho kilikuwa kitu kingine. Na nitumie namba za viatu vyako, kuna duka limeshusha bei ya buti na wewe huna za maana.

Baba yako ameingia, anasema gari limewaka. Anakusalimu.

Ni mimi,
Mama yako