Mwanza hadi Bukoba kwa ndege: kilomita ni 175, muda je?

Wateja wengi wanaokuja kwetu kukata tiketi ya Bukoba wanakuwa wameshapiga hesabu. Kutoka uwanja wa Mwanza hadi wa Bukoba, ukinyoosha mstari juu ya ziwa, ni takriban kilomita 175. Ndege ya pangaboi aina ya ATR hukimbia kama kilomita 500 kwa saa. Basi dakika ishirini na moja zinatosha! Wakikuta tiketi imeandika dakika arobaini na kitu, wanauliza zilizozidi zinakwenda wapi.

Muda wa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena upande wa pili. Na kwa safari fupi hivi, ikimaliza kupanda tu, inakaribia kuanza kushuka. Kasi yake kamili inaitumia kwa muda mfupi.

Ila kinachovuruga safari hii hasa ni mawingu. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka kandokando kuelekea katikati ya ziwa. Ukikutana huko, hewa yenye unyevu hupanda na kuzaa mawingu ya radi, kisha pepo za mashariki huyasukuma upande wa Kagera. Ndiyo maana Bukoba hupata mvua karibu mara mbili ya Mwanza, na ndiyo maana asubuhi jua linaweza kuwaka Kirumba, Mwanza, huku Bukoba kumefunga kabisa. Uwanja wa Bukoba uko ufukweni. Rubani asipoona vizuri njia ya kutua atazunguka angani, atarudi, au hataondoka Mwanza mpaka kufunguke. Tunawaomba sana msimgombeze mtu wa kaunta kwa hilo; kusubiri huko ni kwa ajili ya uhai wenu.

Anayetoka Bukoba kuunganisha Mwanza kwenda Dar es Salaam, umbali wa kilomita 850 hivi, asiache nafasi ya saa moja tu katikati. Kama tiketi mbili zimekatwa mbalimbali, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri, na mara nyingi nauli yake imekwenda. Acheni nusu siku, hasa masika, Machi hadi Mei. Au tuwakatie safari nzima kwenye tiketi moja pale inapowezekana.

Kwa wanaowahi mazishi, ushauri wetu ni kuruka siku moja kabla. Nafasi ikikosekana, meli ya usiku ipo, na barabara ya Geita, yenye zaidi ya kilomita 400, imekuwa nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, maana foleni ya kivuko haipo tena. Tutakwambia hivyo hata kama hatukuuzii tiketi siku hiyo.

Ukija ofisini, tutajie kwanza saa unayotakiwa kuwa umefika na shughuli inayokupeleka. Tutaanzia hapo kupanga kurudi nyuma.