Mtandao hauna kamera, mhariri

Mhariri, salaam. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo ambalo sisi wenye blogu hapa Dar tunalalamikia kwenye magrupu ya WhatsApp halafu linaishia hukohuko. Ni hii tabia ya mtu kubeba posti yako nzima, maneno na picha, anaibandika kwenye saiti yake, na akijisikia vizuri siku hiyo anamalizia chini "Chanzo: Mtandao". Jamani, mtandao haujawahi kufuga kuku wala hauna kamera, kuna mtu aliingia bandani alfajiri na harufu yake ndo akapiga hiyo picha.

Mimi naandika mambo ya ufugaji, kuku chotara na wa kienyeji, nipo Kitunda. Nina posti ya chanjo ya kideri, ile ya I-2 ya tone moja jichoni, na chini yake nimeweka bei za kuku na chakula ambazo huwa nazibadilisha kila nikitoka Shekilango au Kisutu. Saiti moja ikabeba yote kama ilivyo. Yani jamaa hata hakusoma alichoiba, maana namba yangu ya simu aliiacha mlemle na linki za ndani bado zinarudi kwangu! Matokeo yake napigiwa na watu sijui wa Morogoro sijui wa Tanga wananigombeza kwamba nimewadanganya bei, kumbe wanasoma kopi iliyoganda huko, mimi kwangu nilishabadilisha siku nyingi. Hilo watu hawalioni, wanadhani anayeumia ni mwandishi peke yake, kumbe na msomaji anauziwa mzigo uliolala.

Ukiomba ushauri utaambiwa funga posti isikopike. Sawa, funga, ila utakayemsumbua ni mtu wa kawaida anayetaka kukopi dozi amtumie mama yake kijijini. Mwizi mwenyewe siku hizi wala hakopi kwa mkono, ana programu inayovuta fidi yako ya RSS, yaani ile linki ya blogu inayorusha posti mpya kwenye programu nyingine, na posti inatokea kwake muda mfupi tu baada ya wewe kuirusha. Hapo ingia kwenye setingi za Blogger au WordPress, iambie fidi itoe muhtasari badala ya posti nzima, basi. Na picha iandike jina lako katikati, ukiliweka pembeni wanakata.

Ikishaibiwa ndo tunakuja kwenye sheria. Wengi wanaamini usipojisajili COSOTA, ile taasisi ya hakimiliki Tanzania, huna haki, si kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu ulipoandika, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, na Tanzania ipo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, toka 1994 kwahiyo hata nje kazi yako inatambulika. Kusajili kunakusaidia kwenye ushahidi. Kisichokuwa chako ni taarifa yenyewe: bei ya kuku sio mali yangu, yeyote aiandike, ila atumie maneno yake.

Mwenye saiti nilimtumia meseji, kimya. Sikuhangaika naye tena. Nikapiga skrini shoti kila kitu, nikatafuta kwenye Wayback Machine, saiti inayotunza kopi za zamani za kurasa za mtandao, tarehe ambayo posti yangu ilionekana, halafu WHOIS, ile rejesta ya kutafuta taarifa za saiti, ikanisaidia kujua hosti wake, yaani kampuni inayoihifadhi saiti yake, ni nani. Saiti kibao za Kibongo zinakaa kwenye seva za Marekani, na kule kuna DMCA, sheria yao ya hakimiliki mtandaoni ya mwaka 1998, hosti akipata notisi iliyokamilika anaiondoa kopi fasta kwa sababu asipofanya hivyo kesi inaweza kumwangukia yeye. Wala haihitaji mwanasheria: linki yako, linki ya kopi, mawasiliano yako, tamko kwamba kwa nia njema unaamini matumizi yale hayana ruhusa, tamko la pili chini ya kiapo kwamba wewe ndo mwenye kazi, na sahihi. Google nao wana fomu yao ya kuitoa kopi kwenye majibu ya kutafuta, na hapo ndo panapouma, maana watu wasipotoka Google hela ya matangazo inakauka. Ila usitume kwa hasira kudai kitu kisicho chako, mwenzio anaweza kuweka pingamizi na usipofungua kesi kopi inarudishwa ndani ya siku 10 mpaka 14 za kazi, na uongo wa makusudi unaweza kukugharimu fidia. Ile kopi ya posti yangu iliondolewa.

Sasa kwanini nawaletea nyie? Kwa sababu "Picha: Mtandao" naiona mpaka magazetini, tena magazeti makubwa, sitaji jina. Kijana wa saiti ya udaku akiona wakubwa wanaandika hivyo atajifunza wapi kwamba ni kosa? Kunukuu kidogo sheria inaruhusu ukimtaja mwandishi na ulikotoa, tatizo nyie mnachukua picha nzima na mwenyewe hatajwi. Ombi langu dogo tu, kabla ya kutumia picha iwekeni kwenye Google Lens, inayotafuta picha ilikotoka, mtampata mwenyewe mara nyingi, mpigieni. Wengi wetu tutasema tumieni bure andikeni jina tu. Atakayetaka hela mlipeni, mpiga picha wenu si mnamlipa?

Mfugaji na mwenye blogu,
Kitunda, Dar es Salaam