Tangazo la ploti liseme kodi iliyolipwa na wapangaji

Mhariri,

Kila wiki kurasa zenu za matangazo huwa na ploti za kupangisha zinazouzwa hapa Nakuru, na sentensi ni ileile: "Mapato ya mwezi, elfu sabini." Mimi ni keateka wa ploti ya aina hiyo huku Free Area. Hiyo elfu sabini kamili sijaiona.

Wauzaji wanahesabu milango tu. Bedsita kumi, kila moja elfu saba, zote zimejaa na wote wamelipa. Ploti inaitishwa milioni 9, mnunuzi anaona 840,000 kwa mwaka, moyo unamruka. Haya, tuteremke. Toa nyumba moja iliyo wazi, maana haikosekani, hasa Januari: 756,000. Hapo KRA, mamlaka ya ushuru, inachukua asilimia 7.5 ya kodi yote iliyoingia, kabla hujatoa gharama hata moja; ni 56,700. Keateka, 8,000 kwa mwezi (na hajashiba). Bohoza ya kunyonya choo, taka, stima ya pampu, reti za kaunti, rangi kila mpangaji anapohama, koki, kufuli: weka 100,000. Umebaki na laki tano na kitu kidogo. Na siku ya kununua ulishalipa ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, yaani 360,000, mbali na wakili. Basi pesa yako inakuzalia kama asilimia tano kwa mwaka, ilhali hatifungani za serikali zimekuwa zikilipa zaidi ya kumi, na hazizibi choo usiku.

Muuzaji atakwambia ardhi inapanda, Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021. Sawa. Lakini hakuna mpangaji aliyeniongezea hata mia kwa sababu ya ujiji.

Wanunuzi huja Jumapili na dalali, wakatazama vigae na geti. Kwa jirani nimeona mapazia yakitundikwa kwenye nyumba tupu, na viatu vikipangwa mlangoni. Wewe njoo jioni ya katikati ya wiki, peke yako, usimame mbele ya mita za stima za tokeni ukutani. Nyumba yenye mtu, kitaa chekundu cha mita yake kinapepesa. Vihesabu.

Najua hamwezi kukagua kila ploti, Mhariri. Ila mnaweza kumtaka anayetangaza aandike kodi aliyopokea miezi 12 iliyopita, jinsi ilivyoingia benki au kwenye paybill ya M-Pesa. Na aseme depositi za wapangaji ziko kwa nani. Hiyo huwa haiulizwi kabisa. Hapo kwa jirani ploti iliuzwa, landilodi wa zamani akaenda nazo zote. Wapangaji walipoanza kuhama wakamdai aliyenunua, naye hakuwa na la kufanya ila kulipa.

Keateka,
Free Area, Nakuru