Kwa nini tunakukalisha kwenye simyuleta kabla ya kukupandisha ndege kwa somo la VOR

Kuna lalamiko linarudi kila mara na juzi limerudi tena: mteja kalipia somo la VOR, yaani kuruka kwa kufuata stesheni ya redio iliyo ardhini, akakuta muda mwingi yuko kwenye kiti cha simyuleta na mwalimu pembeni, akaondoka anasema tumemla hela, yeye alikuja kuruka sio kukaa. Hasira yake naielewa. Ila bei hatupunguzi na masaa ya chini hatuyaondoi, na sababu ninazo.

Ndege inachoma mafuta na kula saa za injini hata pale umekwama unajiuliza bendera ya TO (kwenda stesheni) na FROM (kutoka stesheni) kwenye kioo maana yake nini. Simyuleta naisimamisha, tunaongea, nakurudisha maili kumi nyuma unajaribu tena. Angani hakuna pa kuegesha.

Njia ya mkato wanayoipenda wengi ni hii, mtu anaangalia video mbili tatu, anazungusha OBS (kitufe cha kuchagua njia) mpaka mshale wa VOR ukae kati, halafu safari nzima anaufukuza huo mshale. Tulipata kijana mmoja, makini kabisa, alianzia mafunzo kwingine na logibuku yake ina masaa ya VOR yamesainiwa. Mshale ukienda kushoto anageuka nyuzi 40 kushoto, ukirudi anageuka 40 kulia, ndege inapinda angani kama nyoka. Hakuna aliyemwambia kwamba kutoka katikati mpaka mwisho wa kioo ni nyuzi 10 tu kila upande, na kwamba upana wa hizo nyuzi unabana kadiri unavyokaribia stesheni: ukiwa maili 60 uzi mmoja ni kama maili nzima, ukiwa maili 6 ni sehemu ya kumi tu ya maili. Ndio maana karibu na stesheni mshale unachezacheza, na juu yake kabisa hauaminiki na bendera inageuka, hapo unashika hedingi yako (uelekeo wa pua ya ndege) na kusubiri. Kumtoa ile tabia kulimgharimu masaa mengi kuliko angeanza vizuri toka mwanzo.

Na radiali, yaani mstari wa nyuzi unaotoka kwenye stesheni, watu wanaigeuza sana. Inahesabiwa kutoka kwenye stesheni, sio kwenda. Ukiwa mashariki yake uko radiali 090, ukitaka kuiendea unaweka 270 kwenye OBS. Ukiacha 090 bendera itasoma FROM na mshale utakuwa kinyume, yaani ukiufuata unazidi kutoka nje ya njia huku unajiona unarekebisha.

Halafu kusikiliza morsi. Hapa hatubembelezi mtu. Kila VOR inajitambulisha kwa herufi zake na nukta na mistari yake imechapwa kwenye ramani, huna haja ya kukariri chochote. Kuna mwanafunzi aligeuza tarakimu mbili za masafa ya redio, akapata mshale mzuri umetulia, akaufuata kwa furaha kuelekea stesheni nyingine kabisa. Mwalimu alimwacha mpaka mwenyewe akaona ziwa ambalo halipo kwenye njia yake. Na stesheni ikiwa kwenye matengenezo utambulisho wake huwa unaondolewa, mshale unaweza kucheza lakini wa kuuamini sio.

Wengine wanarudi wanasema redio ya ndege yetu mbovu. Tunaipima, nzima. Ulikuwa kimo cha futi 1,000, nyuma ya kilima! VOR inaenda kwa mstari ulionyooka, kwa futi 1,000 hata ardhi ikiwa tambarare usitegemee zaidi ya maili 39 hivi, kwa futi 4,000 karibu 78. DME, kifaa cha kupima umbali mpaka stesheni, nayo inapima umbali wa mshazari, ukipita juu ya stesheni kwa futi 6,000 itakuandikia maili moja, haijaharibika.

"Lakini nina GPS kwenye tableti." Sawa, na mimi naruka nayo na naipenda. Ila tableti ikipigwa jua inapata joto inajizima, na mawimbi ya GPS yanafika chini dhaifu sana, kuna maeneo yanaingiliwa. Ndio sababu kwenye somo la mwisho mwalimu anaizima, anakupoteza kwa makusudi, na wewe unachukua radiali za VOR mbili zinazokatana vizuri unachora kwenye ramani, panapokutana ndio ulipo. Hii ukiifanya mara ya kwanza na mtahini pembeni utalipia mtihani mara mbili.

Na bado wewe ni rubani wa VFR, yaani wa kuruka kwa kuona nje. Mshale haukupi ruhusa ya kuingia kwenye wingu, kazi yake ni kukuhakikishia kwamba mto unaouona nje ndio ule wa kwenye ramani. Ukiganda na macho ndani, mwalimu anaziba ala kwa karatasi, usikasirike.

Ukiweka nafasi tuambie kama ndege utakayoruka ina ADF (kifaa chenye mshale unaoelekea stesheni ya redio iitwayo NDB), maana somo lake linaongezeka. ADF nyingi hazina bendera ya kukuonya, NDB ikizimika mshale unaweza kubaki palepale umelala, kwa hiyo morsi unaiacha ikilia chinichini muda wote, na kukiwa na radi karibu mshale unaelekea kwenye radi. Njoo na ramani isiyopitwa na muda na njia umeshaichora, masafa umeshayaandika. Anayekuja hivyo humaliza mapema na hulipa kidogo.