Barua kwa mwanangu: pua yako isikudanganye

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Barua hii nimeitia ndani ya begi, chini ya vikoi, maana najua hutaiona mpaka ufike Mombasa uanze kupangua nguo. Ndivyo nitakavyo. Nikikwambia kwa mdomo utanikatiza.

Jana shangazi yako aliniambia kwamba wale vijana wawili utakaokaa nao chumba kimoja huko Kisauni wote ni wavutaji wa sigara. Nilipokuuliza ulicheka, ukasema, "Mama, usiwe na wasiwasi. Mimi siku hizi hata harufu yake sitaki, nikiisikia natamani kutapika." Ukadhani umenituliza. Wallahi neno hilo ndilo lililonikesha. Ungeniambia "Mama, naogopa," ningelala.

Usidhani sioni kazi uliyoifanya. Zile wiki za mwanzo nilikuwa nikikusikia usiku ukipanda na kushuka ngazi za darini, asubuhi chai inapoa mbele yako, na hukunijibu vibaya hata siku moja. Nimewasimulia wanawake wote wa mtaa wetu wa Langoni, hata wasioniuliza. Mwanangu ameacha sigara akiwa kijana, hakungoja kifua kimwambie. Najivuna nawe. Lakini kuacha ni jambo moja, na kuichukia harufu ni jambo jingine, na wewe naona unayachanganya.

Mtazame babako. Aliacha mwaka 2020, Ramadhani ile iliyotukuta na Korona, kafyu usiku, misikiti imefungwa, baraza tupu. Akifungua kwa tende na kahawa, hakuna wa kutoka naye kwenda kuvuta. Watu humsifu kwamba ana moyo wa chuma, na moyo anao, lakini mimi niliyekuwa nyumbani nakwambia na mji ulimsaidia. Kila kitu kilichokuwa kikimkumbusha sigara kilifungwa pamoja na baraza. Wewe ulipoacha, ulikuwa hapa kwetu Lamu, chini ya dari langu, wenzako wa kuvuta nao wako baharini. Sasa unakwenda kulala katikati ya moshi. Si mtihani ule ule.

Na tangu aache, unajua alivyo. Yeye fundi wa majahazi, siku nzima mikono yake imo kwenye sifa, mafuta ya papa yanayonuka mpaka paka wanamfuata njiani, na hilo halimsumbui. Lakini mtu akipita Usita wa Mui, njia yetu kuu ya mjini, na kishungi cha sigara mkononi, babako huziba pua kwa leso na kuanza maneno. Mito ya sebuleni aliianika juani siku tatu. Msikitini humsogelea mvutaji na kumsomea ile hadithi ya aliyekula kitunguu saumu asiukaribie msikiti wetu. Hadithi ni ya kweli na sina neno juu yake. Ila namna anavyoisoma, mtu hubaki hana mahali pa kutia uso.

Sasa nikupe jambo ambalo hulijui, na usimwambie kama nimekwambia. Mwaka jana tulikuwa tunarudi kutoka hospitali, tumeshika njia ya pwani, upepo wa kusi. Mbele yetu kidogo amesimama mgeni anavuta, anatazama majahazi. Nikangoja babako aanze. Hakusema kitu. Alisimama, akaweka kikapu chini, akageuza uso kule upepo ulikotoka, akafumba macho. Niliyaona matundu ya pua yakipanuka. Akavuta pumzi moja ndefu, kifua kikapanda, kisha akaizuia pale, kama alivyokuwa akizuia zamani. Alipofumbua macho akaniona namtazama. Akatema mate, akasema, "Uchafu mtupu." Akaokota kikapu, tukaenda, na mpaka nyumbani hakufungua kinywa.

Miaka yote ile, mwanangu. Na pua ni hiyo hiyo moja.

Nilimuuliza dada yako, maana siku hizi masomo yake ya uuguzi yananifaa na mimi. Akanieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Sigara huiua pua polepole, ndiyo maana mvutaji hajisikii anavyonuka. Ukiacha, baada ya siku au wiki chache pua huanza kuamka, na kitu cha kwanza inachokutana nacho ni ule moshi uliokuwa ukiishi nao: kwenye shati, kwenye nywele, kwenye ukuta. Moshi wenyewe una kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 zinajulikana kuleta saratani. Kwa hiyo karaha yako ni ya haki, ni mwili unaorudi kwenye akili zake.

Lakini akaniambia na la pili. Milango mingine ya fahamu, kama macho na masikio, habari zake hupita kwanza kituoni ndani ya ubongo kabla ya kusambazwa. Harufu haingoji hapo. Inakwenda moja kwa moja kule kunakokaa kumbukumbu na hisia. Kabla hujajua umenusa nini, tayari umekumbuka. Na nikotini nayo, mtu akivuta, hufika ubongoni kwa sekunde kama kumi tu, ndiyo maana ubongo ulijifunza upesi kwamba harufu hii maana yake raha inakuja. Kutetemeka na hasira za mwanzo huisha kwa wiki mbili, tatu, nne. Lile somo la harufu na raha halifutiki kwa wiki nne. Akasema wapo wengine ambao hamu ya kuchokozwa, ile inayoamshwa na kuona pakiti au kunusa moshi, katika majuma ya mwanzo huongezeka badala ya kupungua, na wao wanashangaa kwa sababu walidhani wameshavuka.

Ndio maana nakwambia, pua yako isikudanganye. Ile inayokutapisha asubuhi ndiyo itakayokuita usiku, siku msimamizi amekutukana bandarini na mshahara umechelewa.

Hukuniamini? Basi nikukumbushe siku ile uliyomfokea mjomba wako kwa sigara yake. Uliyoyasema mbele ya wageni unayajua, siyarudii, na sitaki kuyaandika kwenye karatasi yangu. Mimi sikuwa natazama mdomo wako. Nilikuwa natazama mkono. Ulipomaliza kumfokea, vidole vyako viwili vilipanda vyenyewe mfukoni mwa shati, pale ulipokuwa ukiweka pakiti. Vikapekua. Mfuko mtupu. Ukaushusha mkono bila kujua kama uliupandisha. Mjomba wako aliuona pia. Kwa ajili hiyo hakukujibu.

Mtu mzima yule, kaka yangu, aliyekulipia karo ya kidato cha tatu na cha nne wakati jahazi la babako limekwama ufukoni. Tangu siku ile hajala mbaazi hapa kwangu. Anapita nje, anabisha kwa mbali, ananisalimu akiwa amesimama upande wa chini wa upepo. Ameshajaribu kuacha, unajua? Si mara moja. Nani atamwendea sasa kumuuliza, "Wewe umewezaje?" Mtu aliyeitoka sigara juzi tu ndiye anayejua njia, na huyo ndiye aliyemfungia mlango. Uchukie moshi kadiri upendavyo. Mjomba wako si moshi.

Na hao vijana wa Kisauni usiwaanze kwa kelele. Ukiingia na matusi siku ya kwanza, watakuvutia puani kwa makusudi. Waambie kwa upole, "Jamani, nimeacha, nisaidieni, mvutie nje." Omba kitanda cha karibu na dirisha. Shuka zako na taulo zisikae pamoja na zao. Kazini una haki zaidi: ile Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta mahali pa kazi, na kwenye matatu pia, kwa hiyo huko huna haja ya kuomba, unasema tu, na unasema kwa adabu.

Saa mbaya kwako ni baada ya kula. Hilo nimelishuhudia mwenyewe, sahani ikiisha ulikuwa unaanza kukuna mapaja. Ukishakula inuka papo hapo, piga mswaki, tafuna iliki au karafuu (nimekufungia kwenye kitambaa cha kijani), toka ukatembee. Dada yako anasema hamu ile ikipanda haikai sana, dakika chache tu, kisha inashuka hata kama hukuipa kitu. Tia udhu. Maji ya baridi usoni yanasaidia, na ukishatia udhu utaona haya kwenda dukani.

Maana duka litakuwa hapo hapo mlangoni, na litakuuzia moja. Sheria inasema pakiti isipungue sigara 10, lakini kila mtu anajua zinavyouzwa moja moja, na ni hiyo moja ninayoiogopa mimi, siogopi pakiti. Pakiti utaiona kubwa, utajirudi. Moja utasema si kitu.

Jambo jingine nililotaka kukwambia ni hizi sigara za mvuke. Binti wa jirani alirudi nayo kutoka Nairobi, nikainusa. Inanukia maembe. Hapo hiyo karaha yako itakufaa nini? Pua itakwambia ni matunda, na ndani ni nikotini ile ile. Shisha nayo ni hivyo hivyo, ilipigwa marufuku nchini Desemba 2017 lakini vijana hawakosi pa kuipata, na inanukia vizuri kuliko buhuri yangu. Kinga inayotegemea uvundo inaondoka uvundo ukiondoka. Kwenye maskani ya miraa ndiko vyote hivi vinakokutana, kwa hiyo huko usikae hata kwa soga, utaniwia radhi kama nakunyima marafiki.

Unaona narudia rudia. Narudia kwa sababu babako hatakwambia. Yeye atakwambia kaza moyo, basi. Na pengine ataona haya, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukitumwa dukani jioni na zile sarafu, na sarafu zenyewe zilikuwa zikitoka kwenye kopo langu la mahamri. Nilizitoa ili nyumba ikae kwa amani. Hayo yamepita.

Dada yako anasema saa 12 tu baada ya kuacha ile hewa mbaya ya moshi kwenye damu hushuka ikarudi kawaida, na mwaka ukitimia hatari ya ugonjwa wa moyo inakuwa nusu ya ile ya mvutaji. Mwaka wako utatimia ukiwa huko. Nataka siku hiyo uje Lamu, nitapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na nitamwita kila mtu.

Na ikitokea umevuta, Mungu apishe mbali, nipigie mimi usiku huo huo, kabla hujaamua kwamba yote yameharibika. Sitakufokea. Kupiga kelele niachie babako. Usinifiche tu, maana ukianza kunificha utaanza kuosha nguo mwenyewe kila siku na kujipaka marashi mengi, na mimi nimezifua za babako nikazijua zote hizo hila.

Ya hapa nyumbani: punda amepona kidonda cha mgongoni, wale wa kliniki wamesema asibebe mchanga mpaka mwezi ujao, kwa hiyo mapato ya upande huo hakuna. Makuti ya darini yanavuja pale pale kwenye kona ya birika, fundi ameshapokea nusu ya pesa na haonekani. Mshahara wako wa kwanza usitume hapa, nunua godoro lako mwenyewe, jipya, usilalie lililoachwa na mtu, hujui lina moshi wa miaka mingapi. Wa pili ukipenda tuma kidogo kwa ajili ya dada yako, ana mitihani na anahitaji viatu vyeupe vya wodini. Chupa ya achari usiiweke juani.

Mjomba wako anataka kujua bei ya nyavu za inchi tatu huko Mombasa, hapa wanamlangua. Sikumwambia kwamba nitakuagiza. Uliza bei, kisha mpigie wewe mwenyewe umpe jibu, na huko kwenye simu utapata pa kuanzia. Baada ya Isha huwa yuko nyumbani.

Wasalaam,
Mamako