Shemeji, nitumie kwanza ratiba ya zamu zako

Shemeji yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa dada na kwa watoto. Uliponiuliza kama sheria inakuruhusu kumwachisha kazi dereva wa foklifti (mtambo wa kuinulia mizigo) aliyeingia zamu ya usiku akinuka pombe, nilikujibu kwamba inakuruhusu, nawe ukaniomba nikuandikie barua ya kumfukuza. Nimeona nikuandikie hii kabla ya hiyo, na niiweke wazi, kwa kuwa wenye magodauni wanaokabiliwa na jambo hilihili huko Changamwe, Mombasa, na kwingineko si wachache.

Habari ya sheria haina maneno mengi. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinautaja ulevi wa saa za kazi, ule unaomfanya mtu ashindwe kutimiza kazi yake ipasavyo, miongoni mwa makosa ya kumwachisha mtu kazi papo hapo. Kifungu cha 41 nacho kinakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama atakayemchagua mwenyewe, kisha umsikilize. Ukiruka hatua hiyo, mahakama inaweza kukuamuru umlipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Hayo wakili yeyote atakueleza. Linalonishughulisha mimi ni kwamba ukishamfukuza huyu, mtambo utamkabidhi nani, na huyo naye atakesha kwa kutumia nini?

Mtambo usimwachie, hapo sina mjadala. Anayenuka pombe hapaswi kuinua mzigo wa tani mbili juu ya vichwa vya wenzake, hata akiapa kwamba alikunywa jana, na msimamizi anayemwonea haya akamwachia ufunguo ana kosa lake pia. Mtafutie usafiri wa kumfikisha nyumbani usiku huohuo, na mazungumzo yasubiri mpaka awe na akili zake. Lakini kumwondoa kwenye mtambo na kumwondoa kazini ni maamuzi mawili, na hilo la pili huwezi kulifanya kwa haki kabla hujajua kilichomfikisha hapo.

Nadhani unakijua kuliko unavyokubali. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba tangu mzigo uongezeke, vijana wale wale wanafanya zamu ya usiku wiki baada ya wiki, na kwamba muuzaji wa muguka, majani yanayotafunwa kuondoa usingizi, hutandika mkeka wake langoni kila jioni. Mwezi Mei 2024, gavana wa Mombasa alipopiga marufuku muguka, wakulima wa Embu walilalamika, kesi ikafika mahakamani na marufuku ikasimamishwa. Katika kelele zote hizo sikusikia mtu akiwauliza waajiri ni kazi gani hizo ambazo mtu hawezi kuzifanya mpaka shavu lijae majani. Mtu aliyetafuna usiku kucha hurudi alfajiri kwenye chumba cha mabati, jua linachomoza, watoto wanatafuta viatu vya shule, na stimu bado haijamwisha. Usingizi haumjii, basi huutafuta kwenye chupa au kwenye vidonge, na jioni huamka amechoka zaidi, akaanza tena langoni pako. Baada ya miezi kadhaa ya maisha hayo si rahisi kusema ulevi umeishia wapi na sonona imeanzia wapi. Unachokiona wewe ni hasira za ghafla, advansi inayoombwa kila mwezi, Jumatatu ya baada ya mshahara asiyoonekana, na peremende mdomoni kila anapozungumza nawe. Na kila dalili umeijibu kwa barua yake ya onyo.

Tafadhali usimpe sharti la kuacha leo au kuondoka. Aliyezoea kunywa sana kila siku akikatiza ghafla anaweza kutetemeka, kutokwa jasho na hata kupata degedege katika siku mbili za mwanzo. Wengine, kufikia siku ya pili au ya tatu, huchanganyikiwa na kuona visivyokuwapo, na hali hiyo huweza kuua. Aachishwe chini ya uangalizi wa daktari. Hospitali ya Port Reitz, ambayo si mbali na godauni lako, ina kitengo cha afya ya akili, na namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bila malipo. Kifungu cha 30 cha Sheria ileile ya Ajira kinampa, kwa cheti cha daktari, angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara kila mwaka. Hazitoshi kupona, ila zinatosha kuanza.

Cheti hicho kikae kwenye kabati lako, kisisambae kwenye kundi la WhatsApp la wasimamizi; Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzihesabu habari za afya kuwa nyeti. Mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1996 unataka matatizo ya pombe na dawa za kulevya yachukuliwe kama matatizo mengine ya afya, lakini hakuna atakayejitokeza ikiwa wa kwanza kujitokeza alisimuliwa kantini. Kwa hiyo andika ukurasa mmoja wa Kiswahili, uubandike: anayekuja mwenyewe kuomba msaada hafukuzwi kwa kuja, atapewa kazi isiyo ya mtambo wakati anatibiwa, anayekutwa amelewa kwenye mtambo atafuata utaratibu wa nidhamu, na alkoblo, kile kipimo cha pombe cha kupuliza, itapuliziwa na wote, wewe ukiwamo. Akirudia mara moja katikati ya tiba, usikate tamaa naye. Akiikataa tiba yenyewe na kuendelea kuja amelewa, hapo sitakuzuia.

Kikao cha kumsikiliza kisiwe Ijumaa ya mshahara, na kisifanyike asubuhi anapotoka kukesha. Kabla ya siku hiyo nitumie ratiba ya zamu za miezi mitatu iliyopita, pamoja na majina ya waliokuwa usiku, tuipitie pamoja.

Shemeji yako