Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Gharama za Wakili

Ndugu wanachama wa chama chetu cha dagaa,

Mambo ya ada na wanachama wapya katibu ameshayaandika, sitayarudia. Nitasema la gharama za wakili, maana ndilo mlilonibana nalo mwaka jana hapa hapa Kirumba, Mwanza.

Wakili wetu hakuwa ghali. Sisi ndio tuliomfanya awe ghali. Mtu anadai hela yake ya dagaa, anamwendea na bahasha iliyovimba: risiti zilizofifia, daftari lenye mafuta ya taa, jumbe za simu zisizojulikana nani kamtumia nani. Siku nzima inaishia kwenye kupanga makaratasi, na siku hiyo tunailipa kwa bei ya wakili.

Ndipo tukajaribu wasaidizi wa sheria wanaojitegemea na kufanya kazi kwa mtandao, mmoja yuko Morogoro, mwingine Dodoma. Tunawalipa kwa kazi, si kwa mwezi. Karatasi zinapigwa picha hapa mwaloni, penye soko la dagaa ufukweni, zinarudi zimepangwa kwa tarehe, na muhtasari wa kurasa mbili juu yake. Wakili anasoma, anauliza mawili matatu, anaandika barua ya madai.

Faida niliyoiona kwa macho ni ya mwenzetu aliyeshtakiwa na kibarua wake wa zamani kwenye CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Msaidizi alipopanga tarehe aligundua kibarua alifungua mgogoro baada ya zile siku 30 za madai ya kuachishwa kazi, wala hakuomba kuongezewa muda. Wakili akaanza na hoja hiyo. Bila ule mpangilio, tungeingia kubishana nani alimtukana nani ziwani.

Wapo wanaoniuliza: kama wanafanya vizuri hivyo, wakili wa nini? Hapo nasema hapana. Hawa si wale wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambao huduma yao ni bure kwa wasio na uwezo. Wetu tunawalipa, na Sheria ya Mawakili haimruhusu asiye wakili kuandaa hati za kisheria kwa malipo. Kwa hiyo hawasaini, hawasimami mahakamani, hawamshauri mwanachama pembeni. Kila rasimu inapita kwa wakili na kutoka kwa jina lake. Atakayewapigia simu kimyakimya apewe "kaushauri" kadogo, ajue anawaponza wao na chama pia.

Makosa yapo, na moja ni langu. Tulitaka mkataba na mnunuzi wa Kongo, nikautuma Dodoma bila maelezo. Ukarudi safi, Kiswahili kizuri, ila unasema mzigo ukabidhiwe "kila tarehe 15". Wenye mitumbwi mnacheka. Karabai na taa zetu zina kazi gani mbalamwezi ikiwaka? Dagaa huvuliwa gizani, na mwezi mpevu hausomi kalenda ya ofisini. Halafu gunia likageuzwa kuwa kilo 100, utadhani ni mahindi. Aliyeandika hajawahi kuona gunia la dagaa wakavu, na mimi sikumwambia. Wakili aliligundua kabla ya kusainiwa, nashukuru. Tangu hapo hakuna kazi inayotoka bila karatasi ya maelezo kutoka kwa mtu wa mwaloni: kipimo gani, giza la lini, nani anabeba hasara mvua ikinyesha dagaa wakiwa bado wanaanikwa chanjani.

Jingine ni siri. Kuna siku kitambulisho cha NIDA cha mwanachama kilitumwa kwenye kundi letu la WhatsApp badala ya kwa msaidizi. Nimemwomba radhi nyumbani kwake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, jambo lile ni aibu. Sasa nyaraka zinatumwa na katibu peke yake, na msaidizi anasaini ahadi ya siri kabla ya kuona hata risiti.

Naomba mkutano uridhie tuendelee nao mwaka mmoja zaidi kwa masharti hayo, na kamati ichague wa tatu, safari hii anayetoka kanda hii. Hesabu zenyewe anazo mhazini, namkaribisha.